Nani wa Kuniosha Huku

Mdogo wangu Mwanakombo,

Salaam aleikum, mama. Nasema mimi, anaandika mjukuu wetu Rukia, na nimemwambia asiruke neno. Goti lako likoje? Nasikia bado wateka maji mwenyewe pale mtaani Shika Adabu. Acha! Mtume binti yako, miguu anayo.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Baridi imeniingia mifupani na kifua kinakoroma. Kichanga cha Rukia kimetimiza arobaini, kinene mashallah, na mama yake nimemkanda akakandika. Kazi iliyonileta imekwisha. Lakini mumewe, Salim, hajamaliza masomo yake ya kilimo, na safari yangu ya meli wasema mpaka baridi ipite.

Uliuliza Marekani ikoje. Huku tulipo ni kijiji cha njia moja. Ukipiga chafya mwanzo wa njia, kule mwisho washajua una mafua. Duka ni moja, posta imo humo humo, na mwenye duka aijua barua yako imetoka wapi kabla yako. Makanisa ni matatu, na watu wote hawajazi msikiti wetu mdogo wa huko. Kuna ghala la mahindi refu kama mnara. Siku ya kwanza nilingoja adhana. Na mahindi yenyewe, mwenzangu, wanalisha nguruwe! Watu si wabaya. Mtu akipita na gari akuinulia kidole kimoja, hiyo ndiyo salamu. Hakuulizi umeamkaje.

Jirani yetu alikuwa Bi Ada, kikongwe kama mimi, akiishi peke yake. Mimi Kiingereza sina, yeye Kiswahili hana. Kila asubuhi hunipa mayai, nami humpa mahamri, tukakaa jikoni kwake tukala kimya. Yeye hunicheka ninavyojifunga leso, nami humcheka meno yake ya kuvua. Juma lililopita akafa.

Niliposikia, nikatia sabuni na kafuri ndani ya ndoo, nikachukua leso mbili safi, nikenda. Wanijua. Hapo Likoni ni maiti gani ya kike isiyopita mikononi mwangu? Nikakuta wanawake wamejaa jikoni wanapanga keki. Bi Ada hayupo.

"Yuko wapi?"

Rukia akawauliza, akanigeukia. "Bibi, amechukuliwa na gari. Kuna mwanamume mjini, ndiyo kazi yake. Atamwosha, ampake na rangi."

"Mwanamume! Na binti yake huyu, mikono imekatika?"

"Bibi, jamani, wanatutazama."

"Nao watazame. Waambie."

Hakuwaambia. Lakini binti ya Bi Ada akaiona ndoo, akauliza ya nini, na hapo Rukia akamweleza. Yule mwanamke akakaa sakafuni akalia, mkono wangu kaushika hauachi. Akasema hakujua kama mtu aweza kumwosha mama yake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia.

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti. Sanda ninayo, ile uliyonikatia, imo sandukuni. Lakini nani wa kuniosha huku? Mwislamu mwingine wa karibu ni mwendo wa siku nzima, naye mwanamume. Jana nikamwambia Rukia wazi.

Akaziba masikio. "Bibi, mimi maiti naogopa."

Kweli aogopa. Wakumbuka alivyokimbia siku nilipomwosha mama yake, mwanangu mwenyewe? Nikamwambia, "Haya. Na binti ya Ada naye aliogopa." Nikenda zangu kumenya viazi.

Leo asubuhi kaja na mto mrefu wa kitandani, kaulaza juu ya meza ya jikoni, kapandisha mikono ya nguo.

"Bibi, nifundishe."

Tumeosha mto, Mwanakombo. Kulia kwanza, kisha kushoto, kwa staha, shuka ya kumsitiri maiti haifunuliwi. Mara ya kwanza alimwaga ovyo, maji yote yakaishia miguuni mwangu. Mara ya tatu miguu yangu ilibaki mikavu. Salim kaja kutaka chai, kauona mto umelala na shuka yake kama sanda, karudi kinyumenyume.

Baridi ikivunjika narudi, inshallah. Nami nataka kuiona hiyo bendera mpya ya uhuru mnayoishonea nguo za sherehe, na kiti changu mtu asikikalie. Lakini nisipofika, usilie ukasema dada yangu kaoshwa na wageni.

Nisalimie binti yako mwenye miguu, na maalim wetu wa chuoni aniombee dua. Shoga yangu muuza samaki mwambie huku samaki hauzwi na kichwa, atacheka mpaka alie.

Mto tumeuanika nje. Umeganda kama ubao, na Rukia ashauliza utakauka lini, arudie.

Ni mimi dada yako,
Mwanasha