Matusi Yangu Kapewa Kinyozi

Ijumaa, Abu Hamour

Na huyo Juma, nani alimpa debe langu akalie?

Leo sikuwa na zamu getini, nikampigia rafiki yangu Karisa, kule kibarazani nyumbani, video tucheze drafti kama kawaida: yeye anashika simu, mimi namwambia kete zangu azisogeze wapi. Akasema, "Ngoja kidogo, namalizana na huyu." Huyu ni Juma kinyozi, kakaa mahali pangu, anasukuma vifuniko vyangu vya soda. Vifuniko hivyo nilizunguka navyo kila kambi nilipokuwa jeshini. Nilipokuja huku ng'ambo kulinda mageti ya watu ndipo nikaviacha.

Karisa alikuwa anamchinja. "Kula basi, pumbavu! Kwenu mlifundishwa kunyoa mbuzi tu?" Kibaraza kizima kikacheka, hata Juma mwenyewe, na kichwa chake kama boga.

Ikafika zamu yangu. Karisa akapoa. Kete yangu ilikaa wazi, angeila hata usingizini, akajifanya hakuiona. Nikamshinda.

"Umecheza vizuri, mzee. Pole na joto la huko."

Pole? Miaka yote bwana huyu ameniita fisi mzee, mla ugali wa serikali, na mengine ambayo hata humu siyaandiki. Leo napewa heshima kama mgeni wa harusini, na matusi yangu yote anapewa kinyozi!

Nimeona wivu, sikatai. Ijumaa ijayo nitamtukana mimi kwanza. Akinijibu kwa adabu tena, basi nitajua kwake nimekuwa mgeni kweli.