Kibaba cha Kadzo

Jumanne, 14 Juni 1994

Lakini alijitakia mwenyewe. Nani alimtuma ainue mkono?

Mwalimu wa hesabu alitaka mfano wa kitu kinachojizidisha: mbili, nne, nane. Kadzo, ninayekaa naye dawati moja, akasema, "Haba na haba hujaza kibaba."

"Huko ni kujumlisha," mwalimu akamwambia. "Keti na kibaba chako."

Nikainua mkono mimi. "Jaa la taka la Kibarani, mwalimu. Kwa kina Kadzo." Darasa zima likacheka, na mwalimu akanisifu.

Wakati wa mapumziko nikawanong'oneza Zuhura na Mwanaisha kwamba Kadzo sasa anaitwa Jaa. Kila mmoja akawaambia wawili wake. Kengele ya kutoka ilipolia, hata kidato cha kwanza walikuwa wakimwita hivyo langoni. Akapita, amekumbatia kitabu cha logi, kile cha majedwali ya hesabu, tunachotumia pamoja, maana mimi sina changu.

Sasa nimekaa na hesabu za leo, ndipo nikaona. Kibarani humwagwa taka za malori yale yale kila siku. Nalo ni haba na haba tu. Mfano wangu ulikuwa mbovu kama wake, na mwalimu hakujua. Sisemi.

Kilichojizidisha leo ni lile jina. Na logi, kama nimeielewa, ni kurudi nyuma: unagawa kwa mbili, unagawa tena, mpaka ubaki na mtu mmoja.

Namjua.

Kesho nitamwomba kitabu. Atanipa tu, Jaa wa watu.