Gari Langu Limepita Ukaguzi, Ukoo Unataka Niombe Radhi

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa kwa kweli sijui kama nakuandikia nilie au nakualika tushangilie, maana gari langu limepita ukaguzi, limepita lenyewe, kwa miguu yake, na cheti kiko hapa mezani naandika huku nakitazama, lakini ukoo wa mume wangu umenipa hadi Jumapili niombe radhi kwa kupita huko.

Mimi ni mama wa makamo, nina gari dogo la abiria na mkataba wa kuwabeba wauguzi kumi na mmoja, alfajiri nawapeleka hospitali na wakitoka zamu nawarudisha makwao, kazi hii nimeifanya miaka minane, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujua kituo cha ukaguzi kiko wapi. Usicheke. Kila mwaka cheti kikikaribia kuisha huja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, dereva wa teksi ambaye sote tunamwita Injinia ingawa hakuna aliyewahi kuona alichosomea, anachukua gari asubuhi, jioni analirudisha na stika mpya kwenye kioo, nami namkaribisha chakula na kumshukuru.

Sasa siri yenyewe ni hii, na naomba unisitiri. Ukoo wetu una matairi manne. Ni matairi mazuri, meusi ti, mistari yake bado mirefu, yalinunuliwa kwa mchango miaka tisa iliyopita na hayajui barabara isipokuwa ile ya kwenda kwenye ukaguzi na kurudi. Yanakaa stoo kwa mama mkwe, yamefunikwa shuka. Gari ambalo zamu yake imefika linavalishwa hayo manne, linapewa na mfuko wenye wipa mbili, balbu na mtungi wa kuzimia moto, linakwenda, linapita, linarudi, linavuliwa, linarudishiwa matairi yake yaliyolika, vipara vyake. Magari matano tunapita hivyo kila mwaka. Hata tukinunua gari, Mama Mkubwa, hatuulizi habari za injini, tunauliza kama yale matairi yataingia, na binamu yetu mmoja aliacha gari zuri kabisa kwa sababu hiyo tu. Na Injinia, kwa kuogopa yasichanganywe na ya watu huko gereji, alilipaka kila tairi duara la rangi ya bluu ubavuni.

Mwaka huu hospitali ikaleta barua kwamba mwenye mkataba apeleke gari ukaguzi yeye mwenyewe na karatasi asaini yeye. Cheti changu kilikuwa kinaisha Ijumaa. Jumatatu nikayaomba matairi, Injinia akasema yako kwa binamu, ningoje wiki ijayo.

"Ningoje vipi, shemeji? Wauguzi wataenda na nini?"

"Paki gari, sema linaumwa. Wao si wauguzi? Wataelewa."

Hapo hasira zikanipanda. Na niseme ukweli, wiki ile ilikuwa ya mvua, na gari langu lilikuwa likisimama pale linapotaka lenyewe, si pale ninapotaka mimi, na Sista mkuu anayekaa kiti cha mbele alikuwa ameanza kukanyaga sakafu kila nikikanyaga breki, ananisaidia. Nikasema liwalo na liwe, naenda na vipara vyangu.

Kukipata kituo kwenyewe ilikuwa kazi. Fundi wangu aliniambia kiko nyuma ya soko kuu, nikafika nikakuta wanauza vitanda. Mhudumu wa kituo cha mafuta akanituma kwenye uwanja wa magari yaliyokufa, nikaona huo mkosi, nikageuza. Mwisho nikaingia ofisi ya leseni, nikapanga foleni saa nzima, na karani bila kuinua macho akanionyesha kwa kalamu karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yangu: vituo vyote vyenye kibali, mtaa na namba ya simu. Cha karibu yangu kiko ubavuni mwa kiwanda cha unga. Mama Mkubwa, hapo napita kila siku!

Mkaguzi alikuwa mtu wa maneno machache, kalamu sikioni. Akaniambia niwashe taa, nipige honi, nikanyage breki magurudumu yakiwa juu ya mashine, kisha akaingia shimoni na tochi akakaa humo muda mrefu hata nikadhani ameondokea mlango mwingine. Alipotoka akaniuliza, "Mama, mwaka jana gari hili lilikuja na matairi mapya. Kwa mwendo huu mdogo uliotembea yameisha hivi?"

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Yale hayakuwa yangu. Ni ya ukoo."

"Ya bluu?"

"Ya bluu."

Akakaa chini. Alicheka hadi akavua miwani. Alisema miaka yote hiyo alidhani ile bluu ni alama ya gereji fulani, na akawa anajiuliza ni gereji gani hiyo inayouza matairi yasiyozeeka.

Nikafeli. Mambo tisa, kwenye karatasi, moja baada ya jingine: matairi yote, breki za nyuma, breki ya mkono, taa moja ya breki, na mengine. Akaniambia, "Una siku kumi na nne. Tengeneza haya, urudi, nitaangalia haya tu." Na unajua sikuona aibu? Miaka minane naendesha gari nisilolijua, leo mtu ameniandikia ugonjwa wake kwa majina. Nikawaeleza wauguzi kila kitu, nikawatafutia gari la mwenzangu lenye cheti liwabebe kwa wakati huo, fedha niliyoiweka akiba ya kununua kabati nikaitoa kwa matengenezo, fundi akashika orodha akaanza la kwanza hadi la tisa nami nimesimama pembeni namtazama. Siku ya kumi na moja nikarudi. Mkaguzi akazunguka, akaingia shimoni, akatoka, akagonga muhuri, akasema, "Hili sasa ni gari." Sista mkuu alikuwa nje getini na wenzake watatu waliotoka zamu, walipiga vigelegele hadi walinzi wa kiwanda cha unga wakatoka kuuliza bwana harusi yuko wapi.

Furaha yangu haikufika nyumbani. Injinia alishasikia kwamba nimemwambia mkaguzi siri ya bluu. Anasema nimeuuza ukoo, matairi sasa hayafai tena, teksi yake inatakiwa ukaguzi Jumatatu na mimi ndiye nimemfungia njia. Anataka Jumapili, mbele ya mama mkwe na wote, niombe radhi, halafu niende kwa mkaguzi niseme nilikuwa natania. Mume wangu ananiambia, "Funika kombe mwanaharamu apite, mke wangu, sema samahani tulale." Mama mkwe hajanena neno, na yeye ndiye ninayemwogopa, kwa sababu ananipenda na Injinia ndiye kifungua mimba wake, ndiye anayempeleka kliniki kila mwezi kwa teksi yake bila kumdai chochote. Niombe radhi nipate amani, au nikatae nionekane mke wa kuvunja ukoo?

Ni mimi, Dereva wa Wauguzi.

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera! Nimeisoma barua yako nimesimama, na pale kwenye muhuri nimepiga kigelegele changu humu ofisini, mhariri amenitazama vibaya.

Sasa kaa chini nikuseme. Miaka minane umebeba watu kumi na mmoja, watu wanaoamka alfajiri kwenda kuokoa wenzao, juu ya vipara, huku ukijua matairi mazuri yamelala stoo yamevikwa shuka kama bibi harusi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ninyi mmeiazima kwa zamu miaka tisa! Wewe unayo radhi ya kuomba kweli, lakini si kwa Injinia. Ni kwa wale wauguzi. Umewaeleza, vizuri, sasa waombe, kwa maneno hayo hayo, samahani.

Kwa shemeji usiombe radhi ya kusema kweli. Na kwa mkaguzi usirudi kusema ulitania, usimtie mzee wa watu wazimu.

Tena nisikilize. Umeandika karatasi nzima kuhusu radhi, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukasema teksi hiyo ndiyo inayompeleka mama mkwe kliniki kila mwezi. Mwanangu, hilo ndilo la kuandikia barua! Huo ugomvi wenu hauhusu heshima. Kuna mama mzima anapanda gari ambalo mwanawe mwenyewe anajua haliwezi kupita likiwa kama lilivyo.

Basi Jumapili usibishane. Ukibishana utakuwa mkamwana mwenye mdomo, na ukoo mzima utasahau matairi utashika mdomo wako. Salimia, kaa, ngoja uulizwe. Ukiulizwa, sema: "Mama, naomba tutoke nje mara moja." Wapange pale uani mchana kweupe, teksi iwe mbele yao, matairi ya bluu yaletwe yawekwe kando yake. Mshike mama mkono apapase yote mawili, hili na lile. Kisha nyamaza. Najua ni vigumu, lakini nyamaza.

Injinia naye, kama anasoma gazeti hili, nampa ushauri bure. Orodha ya vituo iko ofisi ya leseni, ukutani. Piga simu kabla, upewe siku, usingoje cheti kibakize siku mbili. Beba kadi ya gari, kitambulisho na cheti cha zamani. Nyumbani kwanza zunguka gari lako: taa zote, honi, mikanda, wipa, breki ya mkono kwenye kilima. Ukifeli, dai karatasi ya makosa na uulize una siku ngapi za kurudi, maana kila mahali wana utaratibu wao. Na hayo matairi yenu matakatifu yana miaka tisa! Mpira huzeeka hata ukifunikwa shuka. Msiyavalishe gari lolote tena, hata la adui.

Mume wako mwambie kombe limeshafunuliwa, na mwanaharamu amekaa sebuleni. Amchague mkewe, na kwa kufanya hivyo mama yake naye atakuwa salama.

BARUA YA PILI, WIKI MOJA BAADAYE

Mama Mkubwa, naandika haraka haraka kwa furaha, nisamehe mwandiko.

Jumapili Injinia alisema nusu saa, nami nikanyamaza kama ulivyoniagiza hadi ulimi ukauma. Mama mkwe akauliza, "Na wewe una la kusema?" Nikasema naomba tutoke nje. Tukatoka wote uani. Mume wangu, bila kuambiwa, akaingia stoo akalibingirisha tairi moja la bluu, akaliweka kando ya teksi. Nikamshika mama mkono. Akapapasa la bluu, vidole vikaingia kwenye mistari. Akapapasa la teksi, mkono ukateleza kama unapapasa sahani. Akarudia tena, taratibu, magurudumu yote manne, sisi tunamfuata nyuma.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Hili zuri ni la nani?"

"La... la ukaguzi, mama."

"Mkaguzi huwa anapanda gari lako?"

"Hapana, mama."

"Mimi je?"

"Wewe unapanda, mama."

"Kwa hiyo mgeni anayelitazama gari robo saa mnamwekea mazuri, na mimi niliyekuzaa unanipandisha kwenye haya."

Hakupaza sauti hata kidogo. Lakini Mama Mkubwa, mtu mzima yule, dereva wa miaka ishirini, alilia pale uani mbele yetu sote, akapiga magoti akamwomba mama yake radhi. Halafu akanigeukia mimi, akasema, "Shemeji, mlango wa mbele wa hicho kituo uko wapi hasa? Mimi huwa napitia mlango wa nyuma." Nilishindwa kuzuia kucheka, na yeye akacheka na machozi yake.

Jumatatu tulikwenda magari manne yaliyobaki, hata ambayo zamu yake haijafika, msafara, mimi mbele nawaonyesha njia. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la kituo amevaa miwani, na kila aliyetoka alimwita alete karatasi aisome. Binamu amefeli mambo saba. Mume wangu matano. Injinia amefeli kumi na mawili, mkaguzi aliomba karatasi ya pili, na ukoo wetu ukapiga vigelegele hapo hapo kituoni, watu wakadhani tumepita. Mimi nikapiga kuliko wote. Na mama mkwe, mbele ya wanawe wote, akaniwekea mkono begani akasema, "Kliniki yangu ni Alhamisi. Nitapanda gari la huyu."

Dereva wako.

MAMA MKUBWA ANAJIBU

Nimefurahi kupita kiasi, na sina haja ya kuficha. Mwambieni Injinia nimemvulia kofia. Kulia mbele ya shemeji si jambo dogo.

Lakini vigelegele basi. Kumi na mawili hayatengenezwi kwa kelele, na siku zenu zilianza kuhesabiwa Jumatatu ile ile. Teksi ilale gereji, isitoke hata kununua mkate. Na wewe Alhamisi toka mapema, mfunge mama mkwe mkanda kwa mkono wako mwenyewe, uendeshe taratibu.