Paa la Ford

Verlin na watoto,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto tu. Mbwa hajala.

Ford haijaibiwa, nimeichukua mimi. Verlin, asubuhi karakanani uliwaambia rafiki zako, "Mama watoto kazi yake kahawa tu." Nami nilikuwa nimeshaona nyufa kwenye paa ulilolikata ukalishusha ili gari likimbie zaidi. Mlipokwenda kutafuta fundi, nilivaa kofia yako ya kuchomelea nikaliunga upya. Miaka mitatu ya vita nilichomelea meli. Ulidhani zilielea kwa kahawa?

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikishaikimbiza kule kwenye ziwa kavu mnakoshindanisha magari, mbele ya hao hao rafiki zako. Ukipenda, njoo upitishe kidole kwenye maungio. Hutayapata.

Kahawa iko kabatini. Jipikieni.

Mama