Jino Langu na Meno Sita ya Dani

Liz na Wesley,

Omena iko kwa jua, chungeni kuku wasidonoe samaki. Pikeni uji mwepesi, uachwe upoe, maana nikirudi sitaweza kutafuna. ~~Nikighairi nitarudi mapema.~~ Sighairi. Naenda kung'olewa.

Wesley, jana ulinichekesha na ile yako ya "Mama, ukitoa jino la akili utabaki na nini?" Lakini wiki tatu nimekuwa nikisema Bwana aliliweka, Bwana atalituliza, na kumbe ni woga tu.

Leo asubuhi Dani, bibi yenu, alinipata jikoni nimeshika shavu. Mnajua anavyojisifu kwamba aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kwa desturi ya zamani, bila hata chozi. Nikamwambia, "Mama, mimi sina moyo kama wako." Akafunga mlango kwanza, kisha akaniita binti wa Sori, kama anavyoniita siku zote, akaninong'oneza, "Nyar Sori, nililia mpaka mbuzi wakakata kamba. Lakini nilikaa."

Miaka hiyo yote alilificha hilo, na leo ameitoa sifa yake ili mimi nisione aibu. Mama mkwe kama huyu ningempata wapi tena? Sasa ameshavaa viatu vya kanisa, anasema atanishika mkono huko Migori kwa daktari wa meno.

Msimtanie kuhusu mbuzi. Na mkiniona na macho mekundu, msiniulize kama nililia. Niulizeni kama nilikaa.

Mama yenu