Mshenga Kati ya Redio na Amplifaya

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, 9 Machi 2025

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku tu wazima. Shangazi yako amehamia Kiseke, na kuku wa marehemu bibi yako bado wananidharau.

Umeuliza kwa nini uiunganishe redio yako ya mawasiliano na amplifaya ya kuikuzia nguvu kupitia kile kidude cha optokapla, wakati waya mmoja ungetosha kuiambia amplifaya, "Waka, natuma." Hata mimi niliwahi kupenda njia ya mkato. Nilivuka ziwa hadi Kamanga kumposa bibi yako bila mshenga. Baba yake akaniuliza, "Kijana, wewe ni mshenga au mchumba?"

"Ni wote wawili, mzee."

"Basi mshenga akae ale. Mchumba atoke nje."

Nikatoka na njaa yangu, bibi yako akicheka jikoni. Nilijua nimemkosa. Wiki iliyofuata nikamtuma mjomba wangu. Akala sato mzima, akarudi na jibu zuri.

Optokapla ndiye mjomba huyo. Ndani yake upande mmoja kuna taa ndogo, na upande wa pili kuna jicho linaloiona. Ujumbe unavuka kwa mwanga, nyaya hazigusani. Amplifaya ikipandisha umeme mkali, hauifikii redio yako.

Miaka yote bibi yako alinipakulia akiuliza, "Leo anakula nani, mshenga au mchumba?" Sasa najipakulia mwenyewe, na swali najiuliza mwenyewe.

Siku amplifaya ikiitika, umkumbuke na huyu aliyetolewa nje.

Babu yako