Anayemdai Marehemu Aje Kwangu

Mwisenge,
Musoma.
14 Juni 1987

Mpendwa mdogo wangu Mwanaharusi,

Asalaam alaikum. Kabla ya yote nina tangazo zito. Kama umesimama, keti. Kuanzia Ijumaa iliyopita kaka yako Alawi, fundi cherehani, anavaa miwani. Uamuzi huo ulifikiwa baada ya bwana harusi mmoja wa Butiama kukabidhiwa suruali yenye mguu mmoja ndani nje, naye akaenda nayo hivyo hivyo hadi kanisani. Wananchi mtulie.

Haya, u hali gani huko Tanga? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Watoto je? Sisi wazima, ila huzuni tu, nayo inazoeleka polepole kama kiatu kipya. Mvua zimekwisha. Asubuhi ziwa limetulia hata hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Umeniuliza kama ni kweli nyumba ya marehemu kaka Muharami inauzwa na mjane wake anatolewa nje. Tena umeuliza kwa wino mwekundu, kama mwalimu. Nakujibu taratibu.

Desturi yetu unaijua: kabla maiti haijaswaliwa, ndugu mmoja husimama akawaambia watu kwamba anayemdai marehemu aje kwa familia. Safari hii kazi iliniangukia mimi. Nami nikisimama mbele za watu huwa napotea. Nikatazama ziwani, nikamwona kaka kama nilivyokuwaga nikimwona zamani, amesimama kwenye boti anatoka kisiwani Rukuba na mizigo ya samaki wakavu, mimi namngoja nipokee kamba. Nikafungua mdomo, nikasema, "Anayemdai, aje kwangu mimi." Sheikh akakohoa. Nikadhani ni vumbi.

Basi wakaja. Akaja wa mafuta ya taa. Ikaja bili ya umeme, ya miezi ambayo taa zenyewe tulizionea kwa jirani. Akaja Mzee Mseti, mfanyabiashara wa Kabasa kule Bunda, aliyemkopesha kaka majora ya khanga pale bidhaa zilipoanza kurudi madukani. Kaka alizipeleka visiwani, naye akakopesha watu, halafu ndiyo akaugua. Mseti alikaa kibarazani kwangu akaagiza kahawa. Kahawa yangu.

Sheikh alinifafanulia: deni la marehemu hulipwa kwanza kutoka kwenye mali yake, ndipo warithi tugawane kinachobaki. Halitoki mfukoni mwangu wala kwa mjane. Na mali ya kaka ni nyumba na boti ya injini, basi. Nyumba ingelipa yote na kutubakizia kitu. Boti ingemtosha Mseti na yule wa mafuta tu. Wazee wakasema nichague mimi, maana ndimi niliyejitangaza.

Mwamvita, mjane mwenyewe, yuko eda, hatoki nje. Tulikaa sebuleni kwake na Mseti, yeye yuko chumbani, mlango umerudishwa kidogo. Mseti akaisifu nyumba, akasema imekaa mahali pazuri pa duka. Nami nikaanza kuzitazama kuta. Sauti ikatoka chumbani:

"Shemeji Alawi."

"Naam, shemeji."

"Siku ile ulisema waje kwako. Mbona leo nyumba yangu unaipima kama suruali?"

Mseti alicheka hadi akamwaga kahawa. Nikacheka na mimi, nimechelewa kidogo.

"Na hawa mabinti wa Muharami utawalaza wapi? Juu ya cherehani?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nikasema iuzwe boti.

Kwa hiyo nyumba ipo, na Mwamvita na watoto wake wamo. Urithi wetu mimi na wewe, mdogo wangu, ni hewa safi. Bili ya umeme imebaki. Naipunguza mimi kwa kushona sare za shule.

Nisalimie shemeji, nisalimie Bi Fatu mama mkwe wako, na wanao wote. Mke wangu Marieta anakusalimu sana.

Sasa nikwambie jambo. Utasikia huko kwamba Alawi aliitoa boti kwa moyo mweupe. Si kweli. Tangu tulipomzika kaka nilikuwa naiota boti ile kila nikilala. Ndotoni niko peke yangu, injini haina kelele, na Rukuba inanijia yenyewe juu ya maji. Nilitaka nyumba iuzwe ili boti ibaki kwangu. Mimi, ambaye nikipanda mtumbwi natapika.

Siku ya kuikabidhi kwa Magesa, mvuvi wa Rukuba aliyeinunua, niliingia ndani nimwonyeshe injini inavyowashwa. Nikaketi pale alipokuwa akiketi kaka. Nikakaa tu, maji yanagonga ubavuni polepole. Magesa akangoja, mwisho akachoka.

"Mzee, hushuki? Au nimekununua na wewe?"

"Ngoja kidogo," nikamwambia.

Akangoja, akanigeuzia mgongo, Mungu ambariki. Kisha nikashuka na viatu vyangu, maji yakanifika magotini, nikaisukuma boti mwenyewe mpaka ikaelea.

Mola akulinde wewe na nyumba yako, awape usingizi mwema.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukiniandikia kwa wino mwekundu,

Alawi